Uzi wa Pazia

Kazi yangu ni kuvuta uzi.
Nimelala chali chini ya kitanda cha kamba, Nkuhungu,
nyumba ya kupanga, vumbi puani,
nailoni nimeizungusha mara mbili kwenye kidole cha shahada,
na Sechelela ananong'ona: Polepole, Ndahani.
Vuta kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi:
hana haraka, funguo anazo.

Pazia hili lilianza kama kitasa.
Kitasa cha shaba, sinema nyeusi na nyeupe,
nchi fulani ya baridi. Mwanamke yuko jikoni,
maji yanachemka, muziki hakuna,
na nyuma yake kitasa kinazunguka
taratibu, kama jicho la kinyonga.
Kinyonga mwenyewe hana subira ile.

Kanda ilifika Chang'ombe imechoka,
imepita mikono ya madereva wa malori hatuwajui,
na dakika tisa za mwisho mtu alizirekodia mpira.
Kitasa kinazunguka, mlango unaachia upenyo,
kona! Uwanja mzima unashangilia.
Banda likapiga miluzi, likadai hela zake.

Mbeleje, mfasiri wetu, sauti ya mchanga na sigara,
akazima televisheni, akashika kipaza sauti,
akaimalizia mwenyewe gizani.
Jumatatu muuaji alikuwa daktari.
Jumanne, mama mkwe, na kisu cha kuchunia mbuzi.
Alhamisi hapakuwa na mtu mlangoni,
hapakuwa na chochote,
na huo ndio usiku tuliorudi nyumbani
tumeshikana mashati kwa nyuma kama treni.
Sechelela alikuwa na miaka kumi.
Shilingi hamsini, usiku baada ya usiku,
zabibu za shangazi yake zikipungua bila maelezo.

Alipokuja kusomea kamera
akakikuta kitasa kile kimebadili nguo.
Seoul: namba za lifti zinapanda, moja, moja,
na jengo lilishahamwa.
Meksiko: komeo la zizi, na mbuzi wameacha kutafuna.
Lagos: jenereta inazima,
na ukimya ndio unaoingia ndani.
Hakuna aliyesema amekitoa wapi.
Mtoto wa jirani unamjua kwa mwendo.

Mfadhili mmoja, ofisini Area D, alisoma mswada akacheka.
Nguo ya kuazima haisitiri matako, dada.
Inategemea fundi, akajibu,
akatoka bila hela lakini na kalamu yake.

Nyumba aliyokulia haikuwa na kitasa.
Mlango wa chumbani ulikuwa pazia la maua yaliyofifia,
na upepo wa Dodoma haujawahi kupiga hodi.
Sasa utamtishaje mtu
kwa kitu kinachotikisika kutwa nzima?
Alikaa na swali hilo miezi minne,
analisonga pamoja na ugali.
Kisha alinipigia simu saa nane usiku:
Liache litikisike, Ndahani. Upepo upite.
Halafu upepo ukome,
na pazia liendelee.

Mwaka jana aliipata sinema nzima, safi, kwenye simu,
na dakika zake tisa. Tuliitazama tukila karanga.
Muuaji ni shemeji.
Shemeji? Basi? Mbeleje wa Alhamisi amemshinda kwa mbali.
Lakini akarudisha nyuma hadi kwenye kitasa,
akarudisha tena,
na ya tano karanga zilikuwa zimebaki mkononi
zimelowa jasho.

Leo tumesubiri tangu saa tisa.
Sufuria ya mlenda inatokota, mwigizaji ametupa mgongo.
Upepo umekuja, umepiga mabati, umetujaza mchanga mdomoni,
umekoma.
Sechelela ameinua mkono.

Navuta. Polepole.
Navuta, na ule uzi
niliofunga mwenyewe kwenye pindo, fundo mbili,
unanivuta na mimi.